Paladini wa Mama Majora

Mwezi uliopita nilialikwa Upanga kwenye meza ya vijana wanaocheza gemu za kuigiza wahusika. Ghorofa ya tatu, kiyoyozi, dadu za kila rangi zimepangwa kwenye kitambaa cheusi. Mwenyeji akawa anagawa wahusika: mchawi kwa huyu, mwizi kwa yule, mpiga upinde kwa mwingine. Alipofika kwa paladini, yule askari aliyekula kiapo cha kutenda haki, wakaanza kusukumiana karatasi yake kama sahani chafu ambayo hakuna anayetaka kuiosha. "Mi sitaki, paladini anaboa," alisema mmoja. "Kazi yake kutukataza tu." Mwingine akadakia kwamba paladini ni wa watu wasio na ubunifu. Nilikuwa mgeni, nikanyamaza, lakini damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilirudi nayo nyumbani hasira hiyo na haijapoa hata leo.

Wale watoto hawakumwona Mama Majora akicheza. Mimi nilimwona, Jumapili baada ya Jumapili, kwa miaka karibu mitatu, na mimi ndiye niliyemwonea. Kwa hiyo nikisema nina hasira, sehemu yake kubwa ni yangu mwenyewe.

Alikuwa mama wa Kichaga mwenye duka la vitambaa vya jumla Kariakoo, mnene kiasi, miwani shingoni kwa kamba, saa ya mkononi ya kiume yenye mkanda wa chuma. Majora ya vitenge yalimjaa dukani mpaka juu ya dari, ndipo mtaa ukampa jina hilo. Jina lake halisi lilikuwa kwenye leseni ukutani, nami naliacha hukohuko. Alikozaliwa na ukoo wake sivijui vizuri, maana hakuwa na kawaida ya kuvizungumza. Mimi ni fundi simu. Meza yangu ilikaa kibarazani kwake miaka saba, na ghala lake la juu ndilo alilotuachia tuchezee Jumapili mchana, yeye akitoka kanisani na duka likiwa limefungwa.

Tulikuwa watatu. Mimi nilikuwa mchezeshaji, yaani yule anayesimulia dunia na kuamua kinachotokea. Neema, karani wa wakala wa forodha bandarini, alicheza mwizi. Hitesh, ambaye familia yake ina duka la dawa Upanga, alicheza paladini, na kwa kweli alimcheza vibaya kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Kijiji cha kwanza tu, mwizi wa Neema alichukua kuku. Paladini wa Hitesh akamfunga kwenye mti, akamhutubia nusu saa nzima kuhusu sheria. Jumapili iliyofuata akamfunga tena. Neema akawa anakuja kuchati kwenye simu yake.

Mama Majora alikuwa nyuma ya majora anakunja vitambaa. Hatukujua kama anatusikiliza.

"Mnacheza watatu na mmoja kila siku kafungwa," alisema. "Huyo askari wenu ni mgambo."

Anayeijua Kariakoo anajua uzito wa neno hilo. Kila mmoja wetu alishaona mgambo akipindua sinia la nyanya la mama wa watu, halafu anasimama pembeni kama aliyetenda jambo la maana.

Hitesh alikasirika. "Mama, paladini ndivyo alivyo. Ni mtu wa sheria."

"Nani kakwambia? Hebu nipe hiyo karatasi."

Ndivyo alivyoingia. Hitesh alichukua mhusika mwingine, mganga mmoja mwoga aliyemfaa kuliko yule askari, na Mama akaanza kwa kufuta kiapo chote ambacho Hitesh alikuwa amekinakili, ukurasa mzima, akaandika mistari mitatu nyuma ya risiti: Sitasema uongo. Sitampiga aliyeanguka. Nitatangulia mimi. Nilimwambia kiapo cha paladini huwa kirefu zaidi. Akasema, "Kirefu cha nini? Nitasahau."

Dadu alizitupia kwenye kifuniko cha chupa ya chai, kwa sababu zikianguka katikati ya majora huzipati mpaka mwisho wa mwaka. Alikunywa chai ya rangi yenye tangawizi kali na hakumpa aliyechelewa. Akiwa anafikiri, mikono yake ilikunja chochote kilichokuwa karibu, na kuna siku alikunja koti la Hitesh vizuri kiasi kwamba Hitesh alilibeba nyumbani hivyohivyo. Hakupenda mtu aseme "kiukweli" kabla ya kusema jambo. Alikuwa anamuuliza, "Kwani hayo mengine ulikuwa unatudanganya?"

Lakini nataka niseme alivyocheza. Hakumkataza mtu. Siku mwizi wa Neema alipopanga kuiba pete ya liwali, Hitesh na mimi tulimtazama Mama tukisubiri mahubiri. Yeye akasema kwa sauti ya kawaida, "Usinifiche. Ila ujue, nikiulizwa nitasema. Ukitaka kuiba, iba ukijua hilo." Neema akaiba. Walinzi wakaja wakauliza. Nilifurahi ndani kwa ndani, nikidhani nimemkamata. "Ndiyo, ameiba," Mama akajibu. "Ni mwenzangu. Kama sheria yenu ni kukata mkono, huu hapa." Akaunyoosha mkono wake mwenyewe juu ya kifuniko cha chupa, mkono wa kweli, wenye saa ya chuma. Neema alinyanyuka kwenye jora alilokalia. Mwizi wake alirudisha pete bila kuambiwa, na kuanzia siku hiyo kila alipotaka kuiba alikuwa anamuuliza kwanza yule askari yuko wapi. Hakuna aliyefungwa kwenye mti.

Kuna wanaodhani kumcheza mtu wa haki ni kuwasimamia wengine. Ni uvivu huo, na unanikera. Mama alibana kiapo kwake mwenyewe tu, halafu akakiacha kimuume yeye, na sisi tuliokuwa tunamwona anaumia ndio tuliobadilika. Mhusika wa namna hiyo anataka ubunifu kuliko mchawi wa kurusha moto. Mchawi akikwama anachoma kila kitu. Mama alipokwama ilibidi atafute njia ambayo haina uongo, na aitafute mbele yetu, huku chai inapoa.

Kulikuwa na jambo moja ambalo lingemharibia, na yeye ndiye aliyeliona kabla yetu. Jumapili zake mbili za kwanza, kila alichosema askari wake kilipita. Tuende kaskazini? Sawa Mama. Tumwachie huyu mateka? Sawa Mama. Ya tatu, akaweka kalamu chini.

"Mbona hakuna anayenibishia?"

Tukatazamana.

"Mnaniamkia shikamoo mimi, halafu mnamwitikia askari wangu vilevile. Hapo hatuchezi. Hapo naongoza kikao cha harusi."

Akaifungua saa yake, akaiweka mezani katikati ya dadu. "Hii ikiwa hapa, mimi siyo mama yenu. Nibishieni. Ikirudi mkononi, heshima irudi."

Ilituwia vigumu. Neema, aliyelelewa kwa adabu kali, alikuwa anasema, "Samahani Mama, mwizi wangu anasema huo ni upuuzi," na Mama anamjibu, "Toa samahani." Hitesh ndiye aliyezoea mapema. Mwezi haukuisha, ghala likawa na kelele za mabishano kama dalali na mnunuzi, halafu saa kumi na mbili kasoro Mama anavaa saa yake na sote tunarudi kuwa watoto, tunabeba vikombe tukavioshe. Sijawahi kuona tena mtu mzima akitoa heshima yake mwenyewe akaiweka mezani ili wadogo wacheze. Wale vijana wa Upanga wangeliona hilo, wasingethubutu kutumia neno "anaboa."

Sasa niseme na upande wake mwingine, maana sipendi picha za watu zilizosafishwa mpaka hazina uso. Dukani Mama Majora alikuwa muongo. Nilikaa kibarazani miaka saba nikimsikia. "La mwisho hilo dada, ukitoka hapa hulikuti," na juu ghalani nimekalia majora saba ya rangi ileile. "Mzigo wa bandarini umekwama," na mzigo uko nyuma ya mlango. Mteja akimwomba apunguze, alishika kifua kama aliyepewa habari ya msiba. Nilimuuliza siku moja, kwa utani wenye ukali ndani yake, inakuwaje Jumatatu mpaka Jumamosi anadanganya halafu Jumapili askari wake hawezi hata kusema jina la uongo.

Hakukasirika. "Wiki nzima nasema la mwisho hilo, la mwisho hilo," alisema. "Unadhani sichoki?"

Jibu hilo ningeliheshimu kama nisingekuwa na changu moyoni. Mama yangu mdogo alinunua kwake vitambaa vya sare ya harusi ya binti yake. Nilikuwepo. Aliuliza kama vinachuja rangi, na Mama Majora akasema, "Hivi? Hata ukivichemsha." Siku ya harusi ikanyesha mvua ya dakika kumi, na mashangazi kumi na wawili wakaingia ukumbini na miguu ya bluu. Picha zipo. Mama mdogo alilia chooni, na mimi nilimsikia nikiwa koridoni na sinia la soda mkononi.

Sikumwambia Mama Majora. Kila asubuhi nilimwamkia, nikafungua meza yangu, nikanyamaza. Ningeanzia wapi? Ni mkubwa kwangu, kibaraza ni chake. Nikaibeba hasira yangu ghorofani, kwenye mchezo, mahali ambapo mimi ndiye niliyekuwa naamua kila kitu.

Nilitumia majuma mawili kuuandaa mtego. Kijiji kimevamiwa. Watoto watatu wamejificha ndani ya nyumba ya kinu cha kusagia nafaka. Paladini yuko mlangoni, anajua walipo. Askari wa adui wanafika na kumuuliza: watoto wako wapi? Akidanganya, amevunja kiapo. Akisema, wanakufa. Nilijiambia kwamba mtu wa haki lazima ajaribiwe, maneno ambayo nimewasikia wachezeshaji wengi wakiyasema na sura nzito, na leo nikiyasikia natamani kuondoka mezani. Haikuwa jaribio. Nilitaka aanguke.

Mama alifikiri muda mrefu. Alikunja kipande cha kitenge mara nne, akakikunjua.

"Nawaambia: najua walipo, na sitasema. Anayetaka kupita aanze na mimi." Akachukua dadu. "Nashika mlango. Neema azunguke nyuma awatoe."

Ilikuwa njia nzuri. Hakukuwa na uongo ndani yake, wala watoto hawakuuzwa, na yeye alikuwa ametangulia kama alivyoapa. Mchezeshaji mwenye akili timamu angesimama akampigia makofi. Mimi nikafunika kifuniko cha chupa kwa kiganja.

"Hakuna kutupa dadu. Chagua. Uongo au watoto."

"Kwa nini hakuna?"

"Nimesema hakuna."

"Mlango si upo? Mimi si nipo mlangoni?"

Hitesh akasema, "Aisee, mwache atupe." Neema akaniangalia bila kuelewa. Na mimi nikasema neno ambalo ningependa kulitoa kwenye maisha yangu. Nilisema, "Saa iko mezani, Mama. Leo siyo mkubwa wetu. Mchezeshaji ni mimi."

Ile saa aliiweka pale ili tuweze kumbishia. Nikaitumia kumziba mdomo. Kisha nikatangaza kwamba kukataa kwake kuchagua kumewaua watoto, kiapo kimevunjika, na mwanga wa upanga wake, ambao ndio alama ya paladini na nguvu yake yote, umezimika.

Alinitazama usoni. "Sawa," alisema, akaufuta mwanga kwenye karatasi yake kwa kifutio, taratibu, mpaka vumbi la kifutio likaisha.

Nilitegemea aache kucheza, au ageuke kuwa muuaji kama wafanyavyo wengi wakishapokonywa. Hakufanya hivyo. Miezi minane iliyobaki alicheza askari asiye na mwanga, upanga wa chuma tu. Akiulizwa anasema kweli, adui akianguka anaacha kumpiga, hatari ikija anatangulia yeye, na kwa kuwa hana nguvu tena alikuwa anapigwa vibaya. Kila Jumapili nilimwona akipigwa na kila Jumapili nilikuwa na nafasi ya kusema nilikosea. Sikusema. Nilikuwa na hasira naye kwa kutokuwa mbaya.

Halafu nyumba ikauzwa ijengwe ghorofa, tukapewa wiki tatu kuhama. Majora yakashushwa. Meza yangu ikahamia mtaa mwingine, Mama akaenda kukaa kwa binti yake Kigamboni, na mchezo ukafia hapo, tukiwa katikati ya safari ambayo sikumbuki ilikuwa inakwenda wapi.

Siku nne baada ya ile meza ya Upanga nilikuwa Magogoni, nasubiri pantoni nikamrudishie mteja simu yake ng'ambo. Saa tano asubuhi, banda limejaa. Nikamwona kwenye benchi, amepungua, mfuko wa dawa mapajani, miwani ileile kwa kamba ileile. Nikaenda.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Fundi wangu." Akanisogezea nafasi. "Bado unafungua simu za watu?"

Nikamwambia bado. Nikamuuliza afya, akasema presha, ila inamsikiliza. Nikamuuliza duka, akasema sasa anauzia nyumbani, kidogo kidogo. Kisha nikaona nikichelewa geti litafunguliwa na nitakaa na kosa langu miaka mingine.

"Mama, naomba unisamehe. Kuna kitu nilikukosea—"

Akainua kidole. Akaifungua saa, mkanda wa chuma ukalia, akaiweka kwenye benchi kati yetu.

"Sasa sema."

Ingekuwa rahisi kumwomba radhi mama wa watu, mgonjwa, mkubwa, ambaye adabu ingemlazimu kujibu yameisha. Alinikatalia njia hiyo. Ilibidi nimwambie mchezaji mwenzangu.

"Pale kinuni nilikuonea," nikasema. "Njia yako ilikuwepo. Niliiziba makusudi." Na nikamweleza kuhusu sare, mvua, miguu ya bluu, mama mdogo chooni.

Alisikiliza mpaka mwisho. Aliposema, sauti yake ilikuwa na ukali ambao sikuwahi kuusikia hata kwa wateja.

"Kile kitambaa nilijua kinachuja. Nilidanganya. Ungeshuka dukani ukanitupia usoni, mbele ya wateja, ningekuwa sina la kusema, na mama yako mdogo angepata vingine. Ulikaa kibarazani kwangu unaniamkia kila siku." Akavuta pumzi. "Mimi ndiye niliyemkosea. Askari wangu alikukosea nini?"

Nikaitazama saa yake kwenye benchi.

"Nilikasirika," akasema. "Nataka ujue. Wiki nzima nilikata vitambaa upande. Kile kilikuwa kitu changu kimoja ambacho hakikuwa na uongo, ukakitia mkono."

Pantoni ilikuwa inakaribia, watu wakaanza kusimama. Yeye hakusimama.

"Haya," akasema. "Niko mlangoni pale kinuni. Wameniuliza. Nimesema najua na sitasema. Endelea."

"Hatuna dadu, Mama."

"Una sarafu."

Nikatoa ya mia mbili. Nikamwambia simba, ameushika mlango mpaka Neema awatoe watoto kwa nyuma, kichwa, wamempita. Nikairusha. Ikiwa bado hewani nilishaamua kuidaka, niifunike, niseme simba. Nani angejua? Nikaiacha ikaanguka kwenye sakafu ya saruji, ikazunguka, ikalala.

Tukainama wote wawili kuitazama. Ilikuwa kichwa.

"Wamenipita," akasema.

"Wamekupita. Umefia mlangoni."

Akaiokota sarafu, akanirudishia. "Na mwanga?"

"Ulikuwa unawaka," nikamwambia. "Haukuzimika hata mara moja."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepimiwa kitambaa na kuridhika na kipimo. Kisha akachukua saa yake, akaivaa, akabana mkanda.

"Nibebee huo mfuko, mwanangu," alisema. "Geti limefunguliwa."